Kuchora ramani ya gugumaji la Ghuba ya Mwanza kwa picha za rada za setilaiti

Anayetaka kujua gugumaji limetanda wapi kati ya Kirumba na Busisi wiki hii hawezi kutegemea picha za kawaida za setilaiti. Vuli na masika ndiyo miezi ambayo mito huingiza rutuba na mimea ziwani, na ndiyo miezi hiyo hiyo ambayo mawingu hukaa juu ya ghuba siku nyingi mfululizo. Rada haizuiwi na wingu wala giza. Hutuma mawimbi yake yenyewe, hugonga kilicho chini, kisha hupima kiasi kilichorudi. Hii ndiyo sababu inatumika kupima barafu ya ncha za dunia, ambako usiku wa majira ya baridi hudumu miezi. Mwaka 1997 setilaiti ya Kanada, RADARSAT-1, iliipiga picha Antaktika kwa rada, na leo Sentinel-1 ya Ulaya huipita barafu hiyo kila mara. Sentinel-1 hiyo hiyo inapita juu ya Mwanza na picha zake ni za bure.

Kule wanatenganisha barafu na maji, hapa tunatenganisha mimea na maji. Kinachoharibu kazi pande zote mbili ni kimoja: upepo. Ukichagua tarehe yenye upepo, hakuna programu itakayokuokoa. Kwa hiyo mwongozo huu unatumia nafasi kubwa kueleza uchaguzi wa picha kuliko kubofya vitufe.

Rada inaona nini

Mawimbi ya Sentinel-1 yana urefu wa takriban sentimita 5.5. Yakikuta maji yaliyotulia, hudunda na kwenda zao upande wa pili kama mpira uliorushwa kwa mshazari kwenye sakafu, na setilaiti haipokei kitu. Maji hayo huonekana meusi. Gugumaji lina majani mapana, mashina yaliyovimba na maua yaliyosimama, hivyo wimbi hupigwa huku na huku ndani ya mimea na sehemu yake hurudi juu. Hapo pikseli hung'aa.

Kila picha ya eneo letu huja na tabaka mbili. VV ni wimbi lililotumwa likiwa wima na kupokelewa likiwa wima. VH limetumwa wima na kupokelewa likiwa limelala. Viwimbi vidogo vya upepo huipandisha VV sana lakini huigusa VH kidogo. Mimea huzipandisha zote mbili, kwa kuwa humo ndani wimbi hugeuzwa mwelekeo. Ndiyo maana VH ndiyo tabaka kuu la kazi hii, na VV ni shahidi wa kuulizwa.

Kwa desibeli, kipimo cha nguvu ya mwangwi ambacho hapa huwa hasi na tarakimu iliyo karibu zaidi na sifuri hung'aa zaidi, anza na makadirio haya. Maji matulivu katika VH huwa chini ya -23 hivi. Gugumaji lililoshikana huwa kati ya -19 na -13. Tofauti ya VV na VH kwenye mimea mara nyingi huwa desibeli 6 hadi 8, na kwenye maji yenye upepo hupita 10. Tarakimu hizi ni za kuanzia tu. Pembe ya kutazama ikibadilika kutoka nyuzi 30 hadi 45 nazo hubadilika, kwa hiyo kila njia ya setilaiti ipimwe kivyake.

Faili gani na kompyuta gani

Jisajili Copernicus Data Space, tovuti ya data za setilaiti za Ulaya, usajili ni bure. Tafuta Sentinel-1, hali ya IW, aina ya GRD. Jina la faili linajieleza: S1A, S1B, S1C au S1D ni setilaiti, IW ni hali ya upigaji picha, GRDH ni ubora wa juu wenye pikseli za mita 10, na SDV maana yake ina VV na VH. Ukikuta SSV, ina VV peke yake, iache. Picha za EW zenye HH na HV zimekusudiwa hasa barafu na bahari za ncha za dunia, na pikseli zake ni kubwa mno kwa kazi ya ghuba.

Faili moja hufunika upana wa kilomita 250 na huwa na uzito wa karibu gigabaiti moja, wakati mwingine zaidi. Kwa bando la simu hilo ni jambo la kupangia. Itazame picha kwanza ndani ya kivinjari cha Copernicus, ambacho hutumia data kidogo, kisha pakua zile tu ulizozikubali. Kompyuta mpakato yenye RAM ya gigabaiti 8 itafanya kazi kwa kujikongoja, yenye 16 itaenda vizuri. Acha gigabaiti 50 wazi kwenye diski, maana kila hatua ya uchakataji huzaa faili jipya. Programu mbili zinatosha na zote ni bure: SNAP ya Shirika la Anga la Ulaya kwa uchakataji, na QGIS kwa kuchora.

Kila setilaiti hurudia njia yake baada ya siku 12. Sentinel-1A ilirushwa Aprili 2014, 1B Aprili 2016 ikaharibika Desemba 2021, 1C Desemba 2024, na 1D Novemba 2025. Ukitafuta picha za 2022 hadi 2024 utakuta zimeachana sana. Hujakosea kutafuta, ilikuwa imebaki setilaiti moja.

Saa za kwenye jina la faili ni za UTC, kwa hiyo ongeza saa tatu upate za kwetu. Pito la kushuka, setilaiti ikitoka kaskazini kwenda kusini, huwa karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Pito la kupanda huwa karibu saa moja jioni. Kwenye daftari la ziwani andika mfumo mmoja wa saa tangu mwanzo hadi mwisho. Mmoja akiandika saa 1 ya Kiswahili na mwingine 19 ya simu, data za siku nzima zinavurugika.

Kuchagua tarehe

Fungua VV ya siku hiyo kwenye kivinjari na utazame ziwa lote, usiishie ghubani. Ukiona michirizi myembamba inayokwenda sambamba kwenye maji ya wazi kaskazini ya Ukerewe, upepo ulikuwa unavuma. Kisha fungua VH. Ghuba ikiwa nyeusi kwenye tabaka zote mbili, hiyo ndiyo picha yako, pakua. VV ikiwa ya kijivu na VH nyeusi, inafaa, ila kizingiti chako, yaani tarakimu inayotenganisha mimea na maji, kiwe cha VH na uchunguze zaidi ukingoni. Zote zikiwa za kijivu, iache hata kama ndiyo tarehe uliyoombwa.

Kuna njia ya pili ya kuhakiki. Uwanja wa ndege wa Mwanza, wenye alama HTMW, hutoa taarifa za hali ya hewa, na kumbukumbu zake hupatikana mtandaoni. Tafuta taarifa iliyo karibu na saa ya pito. Upepo chini ya noti 8, yaani takriban mita 4 kwa sekunde, ni salama. Ukizidi noti 12 usijisumbue. Mahali pa kuchagua, chukua pito la asubuhi. Alfajiri maji ya ndani ya ghuba huwa yametulia kuliko baada ya ziwa kupepea mchana kutwa.

Mvua kubwa nayo ina alama yake. Matone mazito huyachafua maji na kuacha mabaka ya duara, yenye kingo zilizofifia, mara nyingi upana wa kilomita kadhaa. Gugumaji halina kingo zilizofifia hivyo. Likisukumwa na upepo hujipanga ukingoni, na upande unaotazama maji huwa na mstari mkali.

Kuichakata picha

Ndani ya SNAP hatua hizi zote ziko kwenye menyu ya Radar, isipokuwa kukata eneo na kubadili kuwa desibeli, ambazo ziko kwenye Raster. Anza na Apply Orbit File, inayosahihisha mahali setilaiti ilipokuwa. Data sahihi kabisa za njia hutoka baada ya wiki tatu hivi. Kwa picha ya wiki hii chagua zile za haraka, na uweke alama kwenye chaguo la kutosimama faili likikosekana, la sivyo kazi itakatika katikati ya usiku.

Fuata na Thermal Noise Removal. Usiiruke. VH ya maji matulivu iko chini kabisa, karibu na kelele ya chombo chenyewe, na kelele hiyo hailingani katika mikanda mitatu inayounganishwa kutengeneza picha. Usipoiondoa, maji ya mkanda mmoja yatakuwa na mwanga kuliko ya jirani yake, na ramani itaonyesha gugumaji lenye mpaka ulionyooka kama rula kilomita nyingi. Mimea haioti hivyo. Mpaka ulionyooka hivyo kwenye VH ya maji ni kelele, hata baada ya hatua hii, kwa kuwa mabaki huweza kubaki.

Sasa kata eneo lako. Ghuba ina urefu wa karibu kilomita 60, na kisanduku cha latitudo -2.3 hadi -3.0 na longitudo 32.7 hadi 33.05 kinaifunika pamoja na mji. Usikate kabla ya kuondoa kelele, maana majedwali ya kelele yameandikwa kwa picha nzima na kukata mapema wakati mwingine huleta hitilafu.

Kisha Calibration, uchague Sigma0 kwa VV na VH. Hapo tarakimu zinakuwa kipimo halisi cha mwangwi, unachoweza kulinganisha tarehe kwa tarehe. Baadaye Speckle Filter, kwa kuwa picha ya rada ina chengachenga za asili yake. Lee Sigma au Refined Lee zinatosha. Dirisha la 5 kwa 5 huhifadhi mikanda myembamba ya mimea, la 7 kwa 7 husafisha zaidi lakini humeza mkanda wa chini ya mita 40 hivi. Kwa ghuba yenye vihori vyembamba tunapendekeza 5 kwa 5.

Hatua ya mwisho ni Range Doppler Terrain Correction, inayoiweka picha mahali pake ardhini. Chagua modeli ya mwinuko ya Copernicus ya mita 30 au SRTM ya sekunde 1, pikseli mita 10, na mfumo wa UTM kanda 36 Kusini, namba EPSG 32736. Hapa Ziwa Victoria lina mtego wake. Uso wa ziwa uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ukitumia modeli ya mwinuko uliyojitengenezea, yenye tundu au sifuri mahali pa ziwa, programu itadhani maji yako usawa wa bahari na kuyasogeza kando kwa kilomita 1.1 hadi 2, kutegemea pembe ya kutazama. Gugumaji la mbele ya Capripoint litasogea kuelekea Sengerema au mjini. Hakiki kwa kitu kisichohama: Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi ni mstari mweupe wa kilomita 3 unaokatiza ghuba, nao unaonekana waziwazi. Uweke juu ya ramani ya OpenStreetMap ndani ya QGIS. Daraja likiachana na barabara zake kwa zaidi ya pikseli tatu, rudia hatua hii. Picha za kabla ya daraja kujengwa zihakiki kwa miamba na visiwa vidogo.

Badili kuwa desibeli mwishoni kabisa. Desibeli ni logi, na wastani wa logi si logi ya wastani. Kuchuja au kuwastanisha tarehe kadhaa zikiwa tayari kwenye desibeli hushusha matokeo. Wanaotumia Google Earth Engine badala ya kupakua wakumbuke hili hasa: mkusanyiko wa kawaida wa Sentinel-1 humo uko tayari kwenye desibeli, hivyo kwa kuchuja tumia ule wenye FLOAT kwenye jina.

Kutenganisha mimea na maji

Unahitaji barakoa ya ziwa kwanza, ili nchi kavu isihesabiwe. Usichukue mpaka wa ziwa wa zamani. Maji yalipanda sana mwaka 2020 na tena 2024, na sehemu nyingi za ukingo zilifunikwa, miti na kuta zikabaki zimesimama majini. Kwa mpaka wa zamani unakosa eneo jipya la maji. Ukiuchora mpana ovyo, kuta na miti iliyozama inang'aa kama mimea. Chora mpaka kwa picha ya rada ya mwaka ule ule unaoupima, siku ambayo ghuba ni nyeusi, kisha uusogeze ndani mita 30.

Sasa tazama mchoro wa mgawanyo wa tarakimu za VH ndani ya barakoa. Unatafuta vilima viwili, cha maji na cha mimea, na kizingiti kinakaa kwenye bonde lililo katikati. Mara nyingi utaona kilima kimoja tu. Gugumaji likiwa asilimia 2 ya ghuba, kilima chake kinamezwa, na mbinu ya Otsu, ambayo hutafuta kizingiti yenyewe, italigawa ziwa katikati ya kilima cha maji. Dawa ni kukata dirisha dogo lenye mimea na maji kwa kiasi kinachokaribiana, kwa mfano kilomita 3 kwa 3 pale mimea ilipojikusanya, upate kizingiti hapo, kisha ukitumie ghuba yote.

Kwenye Band Maths, kikokotozi cha tabaka ndani ya SNAP, sharti la kuanzia liwe hivi: VH iwe kubwa kuliko -20, na VV ukitoa VH iwe chini ya 9. Sharti la pili ndilo linaloondoa maji yaliyovurugwa na upepo. Matokeo yake futa mabaka yenye pikseli chini ya 15. Mengi ya hayo ni mitumbwi, boti na chengachenga zilizobaki.

Vinavyofanana na gugumaji

Mafunjo na matete hung'aa karibu sawa, na kwa picha moja huwezi kuyatenga. Muda ndio unaoyatenga. Kusanya picha kumi au zaidi za njia ile ile, mapito ya kupanda yasichanganywe na ya kushuka. Pikseli inayong'aa katika tarehe nane kati ya kumi ni mafunjo, mwamba au nchi kavu. Gugumaji huja na kuondoka. Tahadhari moja: kihori kilichozibwa kabisa huweza kubaki na gugumaji miezi mingi, kwa hiyo maeneo hayo yakahakikishwe kwa macho kabla ya kuyafuta.

Vizimba vya samaki huonekana kama nukta zilizopangwa kwa safu na hazihami. Viorodheshe mara moja na uvifute kila picha. Miamba ya majini, ukiwemo Mwamba wa Bismarck, hung'aa sana, na meli ya chuma huweza kutupa msalaba mweupe mrefu kuliko meli yenyewe. Mwani wa kijani unaotanda juu ya maji hauonekani hivi. Mwani huo ukifanya chochote, hulaza viwimbi na kuyafanya maji meusi zaidi, kwa hiyo usiutafute hapa.

Gugumaji changa lililotawanyika ni tatizo la kweli. Pikseli yenye robo ya mimea na robo tatu maji hubaki chini ya kizingiti. Ramani ya rada hupima mikeka iliyoshikana, na hilo liandikwe kwenye ramani yenyewe.

Kuhakiki ziwani

Nenda siku ya pito, ndani ya saa moja kabla au baada. Ukichelewa hadi alasiri, upepo umeshahamisha mkeka mzima na utaulaumu mchoro bure. Kusanya angalau vituo 50 vya mimea na 50 vya maji ya wazi, kila kimoja kikiwa mita 30 au zaidi kutoka ukingo wa mkeka. Chukua namba za GPS za simu, picha mbili, na kadirio la urefu wa mimea juu ya maji. Pale chombo kisipoweza kupenya, simama ukingoni, pima mwelekeo kwa dira na kadiria umbali, usivuke kwa miguu. Chini ya mkeka huwezi kuona kina, nyoka na mamba hujificha humo, na konokono wa kichocho hupenda mimea hiyo. Mwombe mvuvi anayelijua eneo akuendeshee mtumbwi, na kila mtu avae jaketi la kujiokoa kabla ya kuondoka mwaloni. Viongozi wa BMU, vikundi vya wavuvi vinavyosimamia mialo, ndio wa kuanza nao, kwani wanajua mkeka ulilala wapi usiku.

Ukirudi, tengeneza jedwali la visanduku vinne: mimea iliyoitwa mimea, mimea iliyoitwa maji, maji yaliyoitwa mimea, maji yaliyoitwa maji. Toa tarakimu zote nne. Asilimia moja ya jumla huficha mengi, kwa sababu maji ya wazi ni mepesi kuyapata na huipandisha.

Eneo na namna ya kuliandika

Pikseli moja ni mita za mraba 100, hivyo pikseli 100 ni hekta moja. Kosa kubwa liko kwenye kingo. Mkeka wa mraba wa hekta moja una pikseli 36 za ukingoni kati ya 100, na kila moja inaweza kuangukia upande wowote. Mkeka wa hekta 20 una ukingo wa asilimia 9 tu. Kwa hiyo mabaka ya chini ya hekta 2 yaonyeshe kwenye ramani lakini usiyapigie hesabu moja moja, na jumla yote iandikwe pamoja na upana wa kosa: hesabu mara moja ukiondoa pikseli za ukingoni, mara ya pili ukiongeza safu moja nje, uandike zote mbili.

Usiseme gugumaji limeongezeka kwa kulinganisha tarehe mbili za eneo dogo. Hekta 80 zilizokuwa Nyegezi zinaweza kuwa zimesogea tu hadi Luchelele. Linganisha ghuba nzima, na bado ukumbuke kwamba mdomo wake uko wazi kwa ziwa kuu.

Ramani unayowapelekea watu wa vivuko, wavuvi au ofisi za mazingira iwe na tarehe na saa ya pito kwa herufi kubwa juu, kizingiti kilichotumika, namba ya njia ya setilaiti, upepo wa uwanja wa ndege saa hiyo, na mstari unaosema mimea ilikuwa hapo saa hiyo. Jina la faili libebe tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, mfano gugumaji_mwanza_20250210, ili miaka mitano ya kazi ijipange yenyewe kwenye folda. Faili ghafi la Sentinel-1 unaweza kulifuta, hupatikana tena. Mipaka ya mimea, vituo vya ziwani na picha za simu zisifutwe.